Yai la Mtongwe

Nyumba yangu haina mlango.
Kitendawili cha watoto, jibu lake mwalijua.
Mwalimu Tsuma alinichorea hilo yai kwa wino mwekundu,
duara kamili, juu ya daftari la hesabu,
na viboko sita vya kulisindikiza nyumbani.
Tangu siku hiyo naiogopa sifuri.

Labda ndiyo maana nikawa msoma mita.
Miaka ishirini na sita, kalamu sikioni,
mbwa wa watu nyuma yangu,
Changamwe, Mikindani, Magongo, kisha feri hadi Likoni,
nikinakili tarakimu zisizojua kurudi nyuma.
Niliona feni zikilikoroga joto lile lile.
Niliona nyumba za vioo zimetazama magharibi
kana kwamba zinalidai jua,
na mashine ya baridi ukutani inatokwa jasho
kwa niaba ya wenyewe.
Nilikata waya za wajane.
Sijajisamehe zote.

Mita yangu ya mwisho kabla ya kustaafu
ilikuwa ya Bi Mwanamkuu Shee, Mtongwe.

Majirani walishanionya: huyo kapumbazwa.
Mafao ya bandarini, miaka thelathini ya kupiga taipu,
hakununua gari, hakupandisha ghorofa.
Alimwita fundi Dzombo kutoka Ribe,
na mwaka mzima hawakuchimba hata shimo.
Walitazama kivuli kilikolala Januari, kilikolala Julai.
Walirusha unga wa chokaa hewani
waone kusi inaupeleka wapi, na kaskazi je.
"Wanajenga upepo," watu wakacheka.

Naam. Walikuwa wanajenga upepo.
Ukuta wa mawe na chokaa,
unene wake kidole hadi kiwiko changu.
Madirisha chini, matundu juu,
hewa iingie kwa adabu, itoke na joto lake.
Magharibi hakuna dirisha; kuna muarobaini.
Paa jeupe, dari ya makuti,
mvua ya masika inateremka hadi birika la chini ya ua,
na juu kabisa paneli kumi na mbili
zimelala chali, zinaota jua.

Februari, saa nane mchana. Niliingia nikitweta.
Nikaitafuta mashine ya baridi kwa macho. Hakuna.
Feni ilikuwapo, imetulia tuli.
Akaniletea maji ya ukwaju, barafu ikigongana,
na shati likaniachia mgongo.
"Na mita?"
"Kasome mwenyewe."

Nilifuta miwani kwa upindo wa shati.
Alichokichukua usiku kwenye nguzo
alikirudisha mchana, kama jirani mwenye haya
aliyeazima kibaba cha unga.
Zilizoingia, uniti mia na nne.
Zilizotoka, mia na nne.
Nikatoa. Nikatoa tena, kwa vidole.

"Usidhani ni bure," akasema.
"Mkopo wa chama, miaka minne sijui leso mpya.
Chumvi ya bahari inakula vyuma,
kila Ijumaa napanda ngazi na kitambaa,
mimi na magoti haya.
Lakini nalala, Bwana Mita.
Hakuna tokeni ya kuniishia saa tisa usiku.
Na mtaa ukizimika, baraza langu hujaa madaftari."

Kwenye kitabu kuna kisanduku cha jumla.
Nikaandika polepole, mkono ukitetemeka
kama wa mtoto wa darasa la tatu.
Likanitazama, lile lile yai la Mwalimu Tsuma,
ila safari hii lilikuwa na joto la kuatamiwa.

Sasa nina kiwanja kidogo Shika Adabu.
Kila asubuhi napeleka kiti, na mfuko wa chokaa.
Jirani huuliza kupitia ua, anacheka:
"Mzee, utaanza lini kujenga?"
Narusha unga. Unaelea, unageuka,
unaelekea kwake.
"Nimeshaanza," namwambia.